Vifurushi vya Bi Sitara

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo
2 Mei 2023

Mke mwenzangu Shamsa,

Assalaam alaykum. Anayesema ni mimi bibi yako Sitara, anayeandika ni Zarna wa duka la vitambaa hapa chini, binti wa marehemu Shanta. Ukiona mwandiko umenyooka usije ukadhani nimerudi ngumbaru. Ngumbaru nilisoma siku tatu, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo kuliko ndala zangu.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Simu ninayo, lakini ni ya nyumba nzima. Nikisema halo, Nassibu wa chumba cha pili anaitikia. Ukipiga ile ya picha ndiyo balaa, unaona tundu za pua yangu tu, na mimi naona dari la Wachina. Barua Zarna anaisoma kwa sauti ndogo, mlango umefungwa, nami nalia kwa starehe zangu.

Huku wote wazima. Idd imepita vizuri, mvua imetuchezea, maji yameingia mpaka kwenye kapu la mdalasini. Badria mpangaji wetu ana mimba ya pili. Hajaniambia ila naona anavyonusa viungo vyangu halafu anakimbia. Pale barazani biashara ipo ipo. Mwaka wa arobaini na mbili nauza viungo na bado watu wananidanganya bei mimi niliyeipanga.

Anayekuletea hii ni Mwinyimvua wa viatu, anakuja huko Guangzhou kuchukua mzigo. Kabeba vifurushi ishirini vya viungo vya pilau. Nimefunga mwenyewe, fundo langu lile la kuvuta kwa jino. Jino la maana limebaki moja, linafanya kazi ya thelathini. Usigawe vyote kwa wenzio.

Sasa jambo lenyewe. Watu wananiuliza mjukuu wako anasomea nini, nasema udaktari. Wanauliza anatibu nini, nasema anatibu China. Juzi nimechekwa. Niambie kwa lugha ya muuza viungo, nami nipate la kuwajibu. Babu yako Sadalla, Mungu amrehemu, alikuita mke mdogo tangu unatambaa, mimi akaniambia nizeeke kimya kimya. Kaondoka katuacha wajane wawili, mmoja Kariakoo mmoja kwenye baridi. Basi wajane tusifichane.

Bibi yako, mke mkubwa,
Sitara

*

Guangzhou
4 Juni 2023

Bibi yangu, mke mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwinyimvua alinikabidhi vifurushi kumi na saba, anasema vitatu "vilipotea angani". Nilipofungua cha kwanza chumba kizima kilinukia barazani kwako. Mkorea wa mlango wa pili aligonga akidhani kuna sherehe. Msalimie Da Zarna, mwambie mwandiko wake unanitia aibu.

Umeniuliza ninasomea nini. Ninasoma saratani ya ini, ile iliyomchukua Babu. Na ndani ya hiyo ninasoma kitu kimoja kidogo sana.

Mwili, Bibi, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli inafanya biashara kama yako: inafunga vifurushi na kuvitupa kwenye damu viende kwa wengine. Vinaitwa eksosomu. Ni vidogo mno, ncha ya sindano ingebeba maelfu na nafasi ikabaki. Ndani yake mna ujumbe: fanya hivi, acha vile. Ini zima linafunga vyake. Ini lenye saratani nalo linafunga vyake, lakini ndani limeweka mengine. Vingine vinaenda kuwadanganya walinzi wa mwili walale. Vingine vinatangulia mbele, tuseme kwenye mapafu, kuisafishia saratani mahali pa kuhamia.

Wewe ukiokota kifurushi barabarani unajua ni cha nani kwa fundo lake. Sisi tunataka hivyo hivyo. Mtu atoe damu kidogo, tuchuje vifurushi, tuvisome, tuseme hiki kimetoka kwenye ini linaloumwa, wakati mwenyewe bado anakula na kucheka. Kabla tumbo halijavimba. Wenzangu chumba cha jirani wanajaribu kitu kingine: wanachukua vifurushi safi, wanatia dawa ndani, ili damu yenyewe iipeleke mpaka mlangoni kwa ini.

Tumefika pazuri, Bibi. Profesa ametusifu mbele za watu. Waambie barazani mjukuu wako anafundishwa kusoma mafundo.

Mke mwenzio mdogo,
Shamsa

*

Kariakoo
25 Juni 2023

Mke mwenzangu,

Salaam nyingi. Barua yako Zarna kanisomea mara nne. Mara ya kwanza sikuelewa, ya pili nilijifanya nimeelewa, ya tatu Zarna ndiye aliyeanza kuuliza maswali, ya nne tukaelewa wote. Nimekwenda kuwatangazia barazani kwamba ndani ya ini kuna muuza viungo. Mzee Abdulmalik wa kahawa kaniuliza, "Na wewe Sitara, wa kwako ndani naye anapunja?" Nimempandishia bei ya tangawizi.

Badria nilimpatia, mimba ipo. Idd kubwa wiki hii, Nassibu kaleta mbuzi kamfunga kwenye mlango wangu, mbuzi anakula maboksi ya mdalasini na ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mimi mzima. Nimepungua kidogo, madera yote yananipwaya, nikipita pale mtaa wa Kongo vijana wananiita dada. Wananiita kwa nyuma, wakiniona usoni wanasema shikamoo. Pweza wa soko la Feri niliyekuwa namfuata kwa miguu siku hizi simtamani. Uzee huo.

Sasa sikiliza. Nina jirani yangu mmoja, mwanamke, mtu mzima, hataki jina lake litajwe. Alipimwa akaambiwa ana kirusi kwenye ini, aende hospitali akatazamwe zaidi. Haendi. Nimemwambia habari ya kipimo chako, kafurahi sana, kasema atakisubiri hicho hicho. Hana haja ya kulazwa chali apakwe uji wa baridi tumboni na watoto wa watu.

Zarna ananitazama. Andika, mama, kazi yako kalamu.

Basi nimekuletea damu yake. Ignasi wa ile maabara ya uchochoroni kamtoa, tulimwambia inaenda hospitali kubwa, na si uongo, China si ni kubwa? Nimeitia kwenye ile chupa yangu ya chai ya maua mekundu, niliyopewa siku ya harusi, inashika baridi mpaka kesho yake. Barafu nimeifuata mwenyewe Feri kwa wauza samaki. Mwinyimvua nimemwambia ni kahawa ya tangawizi yako, asiiguse. Kaitia kwenye begi la chini. Wewe chuja, soma fundo, niambie. Usikawie, maana huyo jirani ana haraka ingawa hasemi.

Na vifurushi vya pilau vimo kumi. Mara hii vimefungwa kwa mpira, ndiyo mtindo wa siku hizi.

Bibi yako,
Sitara

*

Guangzhou
30 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mbuzi alishakwenda alikokwenda. Mpe Badria salaam.

Chupa ya harusi imefika, tupu. Mwinyimvua alifika hotelini usiku wa manane, baridi ya kiyoyozi ikampiga, akakumbuka kahawa ya tangawizi. Akasema kikombe kimoja tu, Bi Sitara hatajua. Akamimina. Alipiga kelele, meneja akaja, akamwaga kila kitu chooni, sasa hataki kupokea simu yangu. Kaniletea chupa kwa mkono wa mtu mwingine, na ujumbe mmoja: "Mwambie bibi yako nimelijua kosa langu." Anadhani umemfanyia uchawi kwa sababu ya vile vifurushi vitatu alivyopiga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikiwa pale chini nikaacha kucheka.

Hata ingefika, Bibi, ingekuwa imeoza, na sina ruhusa kuipima damu ya mtu namna hiyo, wala kuivusha mipaka kama kahawa. Lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni hili, na naona haya kulisema. Kipimo changu hakipo. Kipo kwenye meza, kwenye karatasi, kwenye midomo ya maprofesa. Mwezi wa tano tulisoma damu za watu sitini, tukasema tumepata fundo. Mwezi wa saba tukaletewa wengine sitini, fundo likatuchanganya, wazima tukawaita wagonjwa na wagonjwa tukawaita wazima. Nilikuandikia "tumefika pazuri" kwa sababu nilitaka ukatambe barazani. Labda miaka mitano. Labda kumi. Vile vyenye dawa ndani, labda zaidi. Jirani yako akinisubiri mimi atakufa ananisubiri, na mimi ndiye nitakuwa nimemuua kwa maringo.

Hospitali leo kuna vipimo vinavyofanya kazi leo. Huo uji wa baridi, wa mashine ya kulitazama ini kwa picha, ndio unaookoa watu.

Na sasa niulize. Vifurushi kumi, vyote kwa mpira. Tangu nizaliwe sijaona umefunga kifurushi kwa mpira. Wanaofungia mpira uliwaita wavivu. Mkono na jino lako vimekosa nguvu tangu lini? Madera yanakupwaya. Pweza humtaki. Simu ya picha huipokei tangu Idd ndogo. Nimekaa miaka mitatu najifunza kusoma vifurushi kwenye maabara ya watu, na vya kwako nikakaribia kuvila bila kuvisoma.

Mke mwenzangu. Mume wetu tulimzika mimi nikiwa kidato cha tatu. Jirani huyo ni nani?

Shamsa

*

Kariakoo
20 Agosti 2023

Shamsa,

Wa alaykum salaam. Badria mzima. Mbuzi tulimla, mgumu kama alivyokuwa na tabia.

Barua yako imenikasirisha siku tisa. Siku ya kwanza nilimwambia Zarna aijibu kwa matusi, kasema matusi ya Kiswahili hajui kuyaandika. Mtoto wa Kariakoo! Amezaliwa mtaa wa Sikukuu, matusi yote anayajua. Ya pili nikasema sijibu kabisa. Ya tatu nikauza binzari kwa bei ya hiliki, mteja akarudi kunirudishia, nikamfukuza. Siku ya tisa Mwinyimvua karudi na mzigo wake, kaja barazani mbele ya watu wote na viatu jozi moja, vipya, saizi yangu, kanipigia magoti: "Bi Sitara nisamehe, nilikula vifurushi vitatu, niondolee." Watu wamejaa. Mimi nifanye nini? Nikamwondolea. Nimemtemea mate kichwani, kaenda zake ametulia. Viatu ninavyo. Nikabaki najicheka. Kibibi kizima kinachotoa uchawi kichwani mwa watu, na chenyewe kinaogopa mtu aliyeshika kidude cha kupakia uji.

Jirani ni mimi. Zarna, usinikodolee, ulijua tangu mwanzo, ulikuwa unaandika umeuma mdomo.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano mwishoni nilikatiza Mnazi Mmoja, nikakuta hema na foleni na watu wanapewa soda. Nikapanga foleni ya soda. Kufika mbele nikachomwa kidole. Nimekunywa soda yangu, nikaitwa pembeni, binti kanambia bibi una homa ya ini aina ya B, chukua karatasi hii, nenda hospitali. Soda ya bure ghali namna hiyo sijaiona. Karatasi nimeitia kwenye kopo la kungumanga, nikalifunika.

Unajua kwa nini. Hujui, acha nikwambie. Babu yako alipoanza, mimi ndiye niliyeona kwanza. Mke ndiye anayeona kanzu imebana. Nikamshonea pana. Ikabana, nikamshonea pana zaidi. Kanzu tatu, Shamsa. Watu wakiuliza nasema Sadalla kanenepa, napika vizuri mno. Tukitaniana, "Mzee una mimba ya miezi mingapi?" Anasema, "Muulize mke mdogo, yeye ndiye wa hisabati." Tulicheka mpaka tumbo lake likatushinda kucheka. Tulipofika hospitali daktari kauliza kwa nini mmechelewa, nami niliyekuwa na maneno kwa Kariakoo nzima nikakosa hata moja. Nilijiambia nikienda mimi, nitaulizwa swali lile lile kwenye kiti kile kile. Kipimo chako kingenitoa aibu. Damu ingesafiri, mimi nisingeonekana.

Sasa umesema hakipo. Sawa. Mtu anayekubali kuniambia mimi kwamba katamba bure huyo ni damu yangu kweli.

Jumanne nimekwenda. Zarna kafunga duka, kanishika mkono kama bibi harusi. Uji wenyewe ni baridi kweli, nimepiga ukelele daktari akadondosha kidude. Katazama, kasogeza, kanyamaza. Nami nikamwambia usininyamazie, mimi ndiye ninayejua kunyamaza hapa. Kasema kuna kitu kimoja kwenye ini, kidogo. Kama nini, mwanangu, nitajie kitu. Kasema sentimita mbili. Sentimita siuzi. Kanionyesha kwa vidole. Kungumanga, nikasema. Kasema ndiyo bibi, kama kungumanga. Inabidi kupigwa picha ya mashine kubwa wathibitishe.

Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Kasema umewahi. Nimelia hapo hapo na uji wangu tumboni.

Kuna dawa ya kile kirusi, kidonge kimoja kila siku, nimeanza. Na wewe je? Umepimwa? Usinijibu kwa mzunguko.

Sitara

*

Guangzhou
10 Septemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimepimwa siku ya kwanza nilipoingia maabara. Sina kirusi, na nimechanjwa mara tatu. Mama naye nimempigia kule Tanga, kapimwa wiki iliyopita, yuko salama, amechanjwa. Huo ndio mzunguko wote.

Sentimita mbili, kimoja, peke yake. Nimelisoma hilo neno "kimoja" mpaka karatasi imelowa. Hicho kinatolewa, Bibi. Daktari akikwambia kukata, kubali. Muulize pia maswali haya manne niliyoandika kwenye karatasi ya nyuma, Da Zarna akusomee mlangoni kwa daktari, usimpe yeye aulize.

Swali ulilokuwa unaliogopa mimi ndiye nilikuwa nalo, tangu kidato cha tatu: kwa nini mlichelewa. Sikuwahi kukuuliza, nikaenda kuliuliza China. Sasa umenijibu, na sina tena la kukuuliza. Nilimcheka Babu mwenyewe na mimba yake. Na mimi nilikuwepo.

Sina pesa ya tiketi kabla ya Desemba. Nimeshalia kuhusu hilo, usiongeze.

Mke mdogo,
Shamsa

*

Kariakoo
19 Novemba 2023

Mke mwenzangu Shamsa,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Kabla Zarna wa huko kwenu hajakusomea... aa, nimesahau unasoma mwenyewe. Ona, wamenikata ini wameondoka na akili.

Badria kajifungua, wa kike, wamempa jina langu, maskini mtoto. Kachanjwa chanjo ya ini, nilikwenda nikasimama mlangoni nikahakikisha, nesi kaniuliza wewe ni nani, nikasema mtaalamu.

Wamekata tarehe kumi na mbili Oktoba. Siku kumi nimelala, ya kumi na moja nimemgombeza mpishi wa wodi kwa kutia chumvi kama sisi maiti hatuonji. Kovu langu limepinda kama njia ya mtaa wa Gerezani. Daktari kasema kungumanga yote imetoka na kingo zake safi, ila kila miezi mitatu nirudi kwenye uji. Kasema hawezi kuniahidi haitaota nyingine. Nikamwambia mwanangu, mimi muuza viungo, nisipoahidiwa mali naipima mwenyewe. Nitarudi.

Sasa usikie. Kabla ya kukatwa kaja daktari mwanamke, mpole, kasema bibi, tuna utafiti wa damu za wagonjwa wa ini, tunatafuta vifuko vidogo vidogo, sijui nitakwambiaje uelewe. Nikamwambia kaa kitako, binti, nikwambie mimi. Nikamweleza seli, nikamweleza vifurushi, vinavyolaza walinzi, vinavyotangulia mapafuni, na vile vya wenzako vya kutia dawa. Kanitazama, kamwita mwenzake aje anisikilize. Nikawaambia msitambe lakini, fundo bado linachanganya, damu za watu sitini hazitoshi. Wakauliza bibi ulisoma wapi? Nikasema ngumbaru, siku tatu.

Wakanisomea karatasi yao yote, naweza kukataa, naweza kujitoa. Nimeweka dole gumba. Sasa damu yangu imelala kwenye friji la watu wenye akili, ina namba, haina mtu wa kuidhania kahawa. Ikikufaa siku moja kwa njia zao za halali, itumie. Ikikuchanganya, isamehe, imerithi kwangu.

Desemba njoo. Mwinyimvua anakuja huko Jumatano, kapokea mzigo huu kwa mikono miwili na bismillahi, kaniuliza mara tatu ndani mna nini. Ndani mna kifurushi kimoja tu cha pilau. Nimekifunga mimi. Cha kwanza kilinifungukia mkononi, cha pili hiliki zikamwagika uvunguni, cha tatu jino likateleza. Zarna akanyoosha mpira, nikampiga mkono.

Hiki ni cha nne. Kabla hujapika, kivute uzi. Ukiona hakifunguki upesi, tafuta mkasi, halafu nenda kalale.

Mke mkubwa,
Sitara